Mnamtafuta Mwenyewe? Wiki Tatu Kwenye Shamba la Karafuu

Katika likizo ndefu ya mwaka wangu wa pili nilijitolea kwa wiki tatu kwenye uchimbaji wa kiakiolojia katika shamba la zamani la karafuu, kaskazini mwa kisiwa cha Unguja. Sikulipwa. Nilipewa godoro, chandarua, chakula cha mchana, na mwiko wa mwashi ulioandikwa namba 7 kwa rangi nyekundu. Wenzangu wengi walikuwa wanafunzi wa akiolojia waliokuja kwa sababu ya mazoezi ya lazima. Mimi nilikuwa msichana wa Kiswahili na historia, tena Mkongomani, na kila aliyenisikia nikisema "aksanti" alitaka kujua kwanza nimetoka wapi, kisha nimefuata nini.

Nimetoka Kasongo, mkoa wa Maniema. Kiswahili cha nyumbani kwetu hakikuletwa na vitabu wala redio. Kililetwa na misafara ya pembe za ndovu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Kutoka kwetu njia ilikwenda mpaka Ziwa Tanganyika, ikavuka hadi Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka Bagamoyo, na mwisho wake ulikuwa Unguja. Pembe zilipita njia hiyo, na watu pia. Shuleni tulifundishwa hayo kwa sentensi chache, halafu mwalimu akaingia kwenye utawala wa Wabelgiji. Mimi sentensi zile hazikunitoka. Niliposikia kwamba kuna mradi unaotafuta watu wa kujitolea kuchimba shamba lililolimwa na watumwa, nilidhani najua ninachokwenda kutafuta: watu wetu. Wakati huo nilikuwa tayari Dar es Salaam kwa masomo, kwa hiyo kipande kilichobaki cha njia ya misafara kilikuwa safari fupi ya boti.

Msimamizi wetu, mama wa makamo ambaye wote tulimwita Dokta, alinisikiliza siku ya kwanza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Nani kakwambia watumwa wa shamba hili walitoka Manyema?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba watu wengi waliouzwa kwa mashamba ya Unguja na Pemba walitoka pande za Ziwa Nyasa na kupitishwa Kilwa. Wamanyema walikuwapo Unguja, hilo halina ubishi, lakini kwenye njia ya kwetu utajiri mkubwa ulikuwa pembe. Akanipa vitabu viwili vya kusoma usiku kwa tochi: cha Frederick Cooper kuhusu utumwa wa mashambani katika pwani ya Afrika Mashariki, kilichotoka 1977, na cha Abdul Sheriff kuhusu watumwa, viungo na pembe katika Zanzibar, cha 1987. Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimesafiri na jambo langu moyoni, nikakuta ninaambiwa nisome kwanza.

Nilisoma. Mkarafuu si mti wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliupeleka katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Anayetajwa sana kuuleta ni Saleh bin Haramil, aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, aliona faida yake haraka. Husimuliwa kwamba alimtaka kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Lakini mkarafuu ni mti wenye masharti. Unakaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Karafuu lazima ichumwe kwa mkono, ingali tumba, kabla ua halijafunguka, ikachambuliwa kutoka kwenye makonyo, ikaanikwa juani siku kadhaa na kuanuliwa mbio mvua ikitisha. Yote haya yanakuja kwa wakati mmoja, kwa hiyo msimu ukifika shamba linataka mikono mingi mara moja. Mikono hiyo ilinunuliwa sokoni.

Tarehe nyingine nilikuwa ninazijua tangu zamani: kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama; mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa; amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria. Nisilolijua ni kwamba amri hiyo ya 1897 haikumwacha mtu huru asubuhi yake. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuudai mahakamani. Na masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka 1909. Wengi wa waliopata uhuru walibaki palepale shambani, wakalima vijishamba vyao kwa ruhusa ya mwenye ardhi na kumchumia karafuu msimu ukifika. Hata wakati wa utumwa, kwa kawaida mtumwa wa shamba alimtumikia bwana wake siku tano na kuachiwa Alhamisi na Ijumaa alime muhogo wake. Maana yake ni kwamba tulikuwa tunatafuta nyumba za watu waliokuwa na siku mbili kwa wiki.

Jumba la mwenye shamba halikuhitaji kutafutwa. Kuta za matumbawe na chokaa zimesimama mpaka usawa wa bega, mizizi ya mtini imeshika pembe moja kama mkono, na mbele yake ipo sakafu ya chokaa ya kuanikia karafuu, pana kiasi cha kuchezea mpira, na kweli watoto huuchezea hapo jioni. Baraza linatazama sakafu ile. Aliyekaa barazani aliweza kuona kila jamvi na kila aliyeinama juu yake. Wanafunzi wenzangu wote walitaka kupangwa jumbani. Kule kuna kuta za kuchora, vipande vya vyombo vya kauri, bawaba za milango. Mimi niliomba nipangwe nyuma.

Nyuma ni mwendo wa dakika mbili tatu kutoka jumbani, kwenye mteremko ambapo leo pana muhogo na mikarafuu michache iliyozeeka. Hakuna cha kuona. Nyumba za watumwa zilijengwa kwa miti, fito na udongo, zikaezekwa makuti. Zikiachwa, mchwa na mvua humaliza kila kitu kwa miaka michache. Kilichotuleta pale ni vigae tu, vilivyokuwa vimetapakaa juu ya udongo baada ya mvua. Tulipima miraba minne ya mita 2 kwa 2, tukafunga kamba, na kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ni ya polepole kuliko nilivyofikiri. Unakwangua udongo kwa mwiko, hulimi. Kila ukishuka sentimita 10 unasimama, unafagia, unapiga picha, unaandika rangi ya udongo. Udongo wote unapita kwenye chekeche. Kinachobaki kwenye chekeche kinaingia mfukoni, na mfuko unaandikwa namba ya mraba na kina. Mfuko usioandikwa, Dokta alituambia, ni takataka. Magoti yanauma, jua linachoma shingo, na kwa siku nne za kwanza nilichopata ni vigae vidogo, mizizi, na kifuniko cha chupa ya soda.

Siku ya tano niliharibu. Nilikuwa nimeshapata wepesi wa mkono, nikijisifu kimoyomoyo kwamba mraba wangu umetangulia ya wenzangu wote. Udongo ulikuwa mwekundu, kisha katika upande mmoja ukawa mweusi na laini, na kwa kuwa ni laini niliufurahia na kwenda nao. Dokta alikuwa anapita. "Simama hapo hapo," alisema. "Unakula nguzo."

Nguzo ikioza ardhini, au ikiliwa na mchwa, tundu lake hujaa udongo mwingine polepole, na rangi yake haitafanana tena na ya udongo wa kando. Duara lile jeusi lilikuwa nguzo ya nyumba. Nusu yake ilikuwa imeshaingia kwenye ndoo yangu. Hakunigombeza. Alichukua daftari la mraba, akaandika namba na kina, na mbele yake: "nusu imeondolewa kwa makosa na mchimbaji." Akanipa nilisaini. Ile nusu iliyobaki tuliikata wima na kuichora; ilikuwa na kina cha sentimita 22. Usiku ule sikula vizuri. Kitabu ukikisoma vibaya unaweza kukirudia kesho, lakini udongo ule ulikuwa umeshachanganywa.

Baada ya hapo nilikwenda kama konokono, na duara zikatoka: ya pili, ya tatu, ya nne, kwa mstari. Ulikuwa ukuta wa nyumba. Ndani ya mstari ule udongo ulikuwa mgumu, umekanyagwa, na karibu na pembe ya mraba nikafikia mawe matatu yamekaa kwa kuelekeana, meusi kwa masizi. Hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Bibi yangu anapika juu ya mafiga kama yale mpaka leo. Pembeni yake kulikuwa na makaa, miiba ya samaki, magamba ya kombe, kipande cha bakuli jeupe lenye ua la buluu lililotengenezwa kiwandani Ulaya, na kwenye chekeche, ushanga mmoja mwekundu usiozidi punje ya mtama.

Nilipiga kelele. Nilikuwa nimesoma kwamba ushanga mwekundu, sami-sami, ulipendwa sana na wafanyabiashara wa misafara ya bara. Nikasema mbele ya watu wote: huyu alitoka kwetu! Dokta aliugeuza ushanga ule kiganjani, akacheka kwa upole. "Ushanga ulitengenezwa Ulaya, ukashushwa hapa Unguja, ndipo ukapakiwa kwenda kwenu," akasema. "Huu haujafika kwenu bado."

Wiki ya pili nilihamishiwa kwa siku tatu kwenye kuosha vigae, chini ya mwembe, pamoja na akina mama watatu wa kijijini walioajiriwa na mradi. Naona sasa kwamba pale ndipo nilipojifunza zaidi, ingawa kwa wakati ule niliona nimeadhibiwa. Wale mama walikuwa wanasoma vigae kuliko sisi. Kimoja kikishikwa, kinageuzwa, kinanuswa kidogo, kisha: hiki mdomo wa chungu cha wali, hiki kimeungulia, angalia masizi yameishia wapi, hiki cha kupikia mchuzi, ndiyo maana kina bega. Walibishana kuhusu ukubwa wa vyungu kama wanavyobishana watu kuhusu mpira. Walitaka pia kujua kama nimeolewa, na kwa nini bado.

Tuliviweka vigae vya jumbani kwenye jamvi moja na vya nyuma kwenye jamvi jingine. Jumbani vyombo vya kauri vilikuwa vingi zaidi, hilo lilitarajiwa. Lakini vyungu vya kupikia vilikuwa vilevile: udongo uleule, mabega yaleyale. Ukivichanganya hutavitenganisha tena. Sarah Croucher, aliyechimba shamba la karafuu la Mgoli kule Pemba na kuchapisha kitabu kuhusu mashamba hayo mwaka 2015, ameandika kwa kirefu kuhusu vyungu vya aina hii vilivyofinyangwa visiwani. Mimi nilikuja nikidhani chungu cha mtumwa kitakuwa na alama yake. Mmoja wa wale mama aliniuliza, bila kuacha kuosha, "Kwani jumbani nani alikuwa akipika?"

Swali lile limenikaa. Jumbani walipika watumwa. Na jumbani waliishi pia masuria, wanawake walionunuliwa, ambao watoto wao walizaliwa huru kwa sheria na kurithi kama ndugu zao. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyeandika kumbukumbu zake, alizaliwa na suria. Mstari niliokuwa nimeuchora kichwani mwangu, jumba upande huu na watumwa upande ule, ulikuwa unapita katikati ya jiko, na wakati mwingine katikati ya kitanda.

Katika wiki hiyohiyo alikuja mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, akasimama juu ya mraba wangu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyamaza, akatazama yale mafiga kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Mnamtafuta mwenyewe?"

Nilidhani ananiuliza kuhusu tajiri wa jumba. Nikamjibu kwa furaha, kwa Kiswahili changu bora kabisa, "Hapana babu, huyo hatuna haja naye. Tunawatafuta watumwa."

Aliondoka bila kuaga. Mpishi wetu, aliyekuwa amesikia, alishika kichwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi na kuwagawia watu vipande vya eka tatu tatu. Mteremko ule tuliokuwa tunachimba ulikuwa eka tatu za baba yake yule mzee. Kila baada ya miaka michache huzuka maneno kwamba warithi wa wenye mashamba ya zamani watarudi na karatasi zao. Sasa wanakuja watu wageni, wanapima kwa kamba, wanapiga picha, wanaandika kwenye madaftari. "Ameuliza kama mnamtafuta mwenye shamba, ili ajue kama ananyang'anywa," mpishi alisema. "Na wewe umemjibu kwamba unatafuta watumwa kwenye shamba la baba yake. Kwa hiyo kama si mnyang'anyi, ni mtumwa."

Jioni Dokta alikwenda kuomba radhi na akanichukua. Tuliketi barazani kwake tukanywa kahawa. Dokta alimweleza kwa utaratibu mradi ni nini, nani ametoa kibali, na kwamba hakuna jina la mwenye shamba litakaloandikwa popote kwa ajili ya kudai ardhi. Mzee alisikiliza. Mwisho akanigeukia mimi.

"Mwanangu, pita nyumba kwa nyumba hapa kijijini uulize. Huyu Mtumbatu, huyu Mhadimu, huyu Mshirazi. Hutampata hata mmoja aliyezaliwa na mtumwa. Sasa wale wote walikwenda wapi?"

Alisema kama mzaha, lakini ni swali halisi la historia, na sensa za wakoloni zinalithibitisha: kati ya ile ya 1924 na ile ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili, jina ambalo wakati huo lilinuka utumwa, walipungua mno, na makabila ya visiwani yakaongezeka. Watu hawakufa. Walichagua jina jingine. Sidhani kuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Kisha akauliza, "Na kwenu huko Kasongo mnajiitaje?"

"Sisi ni wangwana," nikajibu, kama nilivyofundishwa tangu utotoni.

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Muungwana!" akasema. "Sawa. Wa nani?"

Katika pwani muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Kwetu Maniema neno lilikuja na misafara, likawa jina la waliosilimu, wakavaa kanzu, wakazungumza Kiswahili na kufuata Waarabu na Waswahili wa pwani. Wengi wao walikuwa wenyewe wametekwa wakiwa watoto. Mfano unaojulikana sana ni Ngongo Lutete: alipata kuwa mtumwa, akainuka kuwa jemadari wa Tippu Tip, akateka maelfu ya watu, akahamia upande wa Dola ya Kongo, na mwaka 1893 maofisa wa dola hiyo wakamuua kwa risasi. Ungemweka kwenye jamvi gani? Mambo hayo nilikuwa ninayajua kama mtihani. Sikuwahi kuyapeleka nyumbani kwetu.

Usiku nilimpigia bibi yangu Kasongo. Mtandao ulikuwa unakatika. Nilimwuliza babu yake alikuwa nani. Akasema kwa sauti ya kujivunia kwamba alikuwa mtu wa bunduki, alikwenda na Waarabu, alipewa nguo nyeupe, alipewa mke.

"Mke huyo alitoka wapi?"

"Alipewa."

"Na nani, bibi? Ametolewa wapi?"

Kimya kilikuwa kirefu hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akanitakia usiku mwema, akakata yeye.

Kwa hiyo nilikwenda Unguja kuwatafuta watu wetu miongoni mwa waliopika juu ya yale mafiga, na huenda mmoja wao alikuwa yule mke asiye na jina, na huenda babu wa bibi yangu ndiye aliyewapeleka wengine kama yeye hadi ziwani. Udongo wa mraba namba 3 hausemi. Hata kabila la aliyeweka mafiga pale haujui; unachojua ni kwamba alikula samaki, alikuwa na bakuli moja zuri, na lilivunjika.

Siku ya mwisho tulichora kuta za mraba, tukatandika plastiki chini ili atakayekuja kuchimba baadaye ajue tulikoishia. Mzee alikuja na jembe begani. Alitaka tushindilie udongo vizuri kwa sababu mvua za vuli zilikuwa karibu, na alitaka kujua kama mafiga tunayachukua. Dokta alimwambia yameshapimwa na kuchorwa, yanaweza kubaki. "Yabaki," alisema mzee. Tuliyafukia tukiwa watu sita, kwa chini ya saa mbili, shimo lililotuchukua wiki tatu.

Mwezi uliofuata mpishi alinitumia picha kwenye simu. Muhogo ulikuwa umechipua juu ya miraba yote minne, isipokuwa kwenye pembe moja ya ule wa tatu, ambako mzee alikuwa ameruka nafasi ya miche mitatu hivi.